Kuku wa Kapu la Nguo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali mawili ya saruji, na ukikaa pembeni mwenzako akainuka bila kukuaga, unajikuta chini. Limeegemea kibanda cha mchonga funguo, pale barabara mbili zinapokutana, na tangu asubuhi mpaka jua likolee halikosi watu. Wenyewe ni wanne. Kuna Maabara, aliyeosha vyupa vya maabara ya shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita, akatoka na elimu yote iliyokuwa imebaki kwenye vyupa. Kuna Breki, dereva mstaafu wa lori la chakula cha kuku, ambaye tangu astaafu hajawahi kusimamisha maneno yake. Kuna Trei, muuza mayai. Na kuna mwenye kibanda, mchonga funguo, wanayemwita Kufuli kwa sababu kumtoa neno kinywani ni shughuli. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale, na chupa yake ikiisha mkutano umevunjika, hata kama mtu alikuwa katikati ya neno.

Asubuhi hiyo, siku ya Alhamisi, Shangazi alimimina kikombe cha Kufuli kwanza, kama alivyokuwa akifanya kwa wiki saba sasa, akauliza swali lake la kila siku.

— Ya ngapi leo?

— Ya kumi na moja.

Kufuli alichukua chaki akachora mstari wa kumi na moja nyuma ya mlango wa kibanda. Hakuna aliyesema kitu mpaka alipomaliza. Hata Breki, ambaye angeweza kuongea na nguzo ya umeme, alingoja.

Mke wa Kufuli alikuwa muokota mayai kwenye shamba kubwa la kuku lililo nje kidogo ya mji, upande wa kuku wazazi, wale ambao mayai yao hayaliwi, yanatotolewa. Kazi hiyo alikuwa ameipata miezi sita tu iliyopita. Mafua ya ndege yalipoingia banda la kwanza na kuku elfu tisa wakafa ndani ya siku nne, shamba lilifunga lango. Aliyekuwa nje akabaki nje, aliyekuwa ndani akaambiwa alale humohumo mpaka zipite siku ishirini na moja bila ugonjwa kuonekana. Yeye alikuwa ndani. Siku ya kumi na tisa ugonjwa ukaonekana banda la pili, hesabu ikaanza upya. Siku ya kumi na saba ukaonekana banda la nne, na safari hii karatasi ikabandikwa langoni ikisema kwamba kirusi kimebadilika. Hesabu ikaanza upya tena. Mara zote mbili Kufuli alifuta chaki kwa kiganja, akajipangusa kwenye suruali, akaanza moja.

Simu haziingii mle ndani. Ipo moja ya ofisi ya lango, na Jumapili kila mfanyakazi anapewa dakika tano. Jumapili hiyohiyo ndugu wanaruhusiwa kupeleka nguo, kwa sababu wengi walifungiwa na zile walizovaa tu. Nguo zinapulizwa dawa, zinaingia, na zikiingia hazitoki. Kwa hiyo kila wiki Kufuli alipeleka gauni moja, au shuka, au sweta, na kila wiki kapu la nguo za mke wake lilipungua chumbani, na ile harufu ya sabuni yake na mafuta yake ya nazi ikapungua nayo. Alikuwa akimtamani mke wake kwa namna ambayo mtu mzima haambii benchi.

Trei ndiye aliyeanza.

— Mimi nieleweshwe. Karatasi inasema kirusi kimebadilika. Kimebadilika kikawa nini, mbuzi?

— Kimebadilisha shati, alisema Maabara. Kinga ya kuku ni askari wa mlangoni, anakariri shati. Leo umekuja na jekundu, amekukamata. Kesho umekuja na la bluu, anakufungulia na kukupigia saluti.

— Na hayo mashati kinanunua wapi?

— Hakinunui. Kinashona humohumo ndani ya kuku. Ndiyo wahenga wakasema, chanda chema huvikwa pete.

— Hapo chanda kimeingiaje?

— Kimeingia. Wewe fikiria.

Trei alifikiria, akakata tamaa, akanywa kahawa.

— Mashati ni maneno ya darasani, alisema Breki. Mimi lile lango nimelipita miaka kumi na minane na lori. Magurudumu yananyunyiziwa dawa mpaka yanang'aa. Watu wanaoga, wanavaa maovaroli ya kampuni, hata pete wanavua. Kirusi hakipiti pale. Kinapita juu. Bata mwitu. Anatoka huko anakokujua mwenyewe, hana kitambulisho, hana chanjo, anatua kwenye bwawa la shamba, anajisaidia, anaondoka. Nani amemuuliza karatasi?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Maabara.

— Wenyeji wamekufa elfu tisa, alisema Trei. Aliyepona ni nani?

— Bata.

Shangazi alicheka mpaka akamwagia kahawa kidole chake. Maabara alipoona soko lipo, akaongeza bei.

— Halafu kuna jambo la taa, ambalo hamlijui. Mle ndani taa zinawaka masaa mengi ili kuku wale. Kuku halali. Kuku asipolala na kirusi hakilali. Na kiumbe kisicholala kinapata muda wa kuwaza. Mnafikiri kinabadilika kwa bahati? Kinakaa kinawaza.

— Basi na redio, alisema Trei, naye sasa amepata moto. Si wanawafungulia kuku redio ili wasishtuke mlango ukigonga? Kirusi kinasikiliza taarifa ya habari. Wakitangaza kwamba wataalamu wamepata chanjo mpya, chenyewe kinajipanga mapema.

— Kinasikia lugha gani?

— Yoyote. Kimesafiri na bata.

— Basi wazime hiyo redio, alisema Shangazi, watu warudi makwao.

Alisema kwa utani, lakini utani uliangukia pabaya. Kufuli aliinamisha kichwa kwenye tupa na ufunguo aliokuwa akiusugua. Trei, katika kutafuta njia ya kurudi kwenye mazungumzo, akaikosa.

— Ndiyo dunia ilivyo. Mayai ya shamba hayapo siku hizi na hakuna anayeyauliza, watu wamezoea ya kienyeji ninayokusanya huku mitaani. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kufuli aliweka tupa chini. Shangazi alimtazama Trei kwa jicho lile la kumwambia mtu kwamba kikombe cha pili hatakipata.

— Sikuwa namaanisha watu, alisema Trei. Nilimaanisha mayai.

— Tumekuelewa, alisema Kufuli.

Na kwa kuwa alikwisha kufungua mdomo, ambalo ni jambo la nadra, Breki akamshika hapohapo.

— Hebu na wewe useme, bwana. Mke ni wako, na mahesabu ya mle unayafuatilia kuliko sisi. Kinabadilikaje?

Kufuli aligeuza ule ufunguo mkononi. Ulikuwa umeletwa na mteja asubuhi, umechakaa mpaka meno yanateleza.

— Mimi sijui virusi. Najua hiki. Mtu akiniletea ufunguo nimchongee mwingine, namuuliza kwanza, huu ndio mama au ni mtoto? Kama ni nakala iliyochongwa kutoka kwenye nakala, namwambia akaniletee mama. Kwa nini? Kwa sababu kila ukinakili unakosea kidogo, unywele tu. Huo unywele unaingia kwenye inayofuata, na hiyo nayo inaongeza wake. Ukifika wa tano, mlango haufunguki.

— Sawa, alisema Maabara, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi.

— Sasa hicho kidudu nasikia kinajinakili ndani ya kuku, na hakina fundi wa kukikagua. Nakala nyingi ni mbovu, hazifungui kitu, zinatupwa. Lakini banda moja lina kuku elfu tisa, wamebanana, kila mmoja ana nakala zisizohesabika. Ukichonga funguo mbovu nyingi kiasi hicho, haikosi mmoja utafungua mlango ambao hukuukusudia. Hakijawaza. Hakina akili. Kimenakiliwa tu, pahali penye milango mingi.

Maabara alikohoa.

— Ndiyo lile shati nililosema.

Walicheka, na Kufuli akacheka nao kidogo, lakini moyo wake haukuwa pale. Tangu Jumapili moyo wake haukuwa popote. Ulikuwa kwenye unyoya.

Hadithi ya unyoya aliijua yeye peke yake, na nusu yake aliijua Breki. Mke wake alikuwa na kuku mmoja mwekundu, mwenye kidole kilichopinda cha mguu wa kulia, aliyemlea tangu kifaranga baada ya mama yake kukanyagwa na baiskeli. Kuku huyo alijichagulia mwenyewe mahali pa kutagia: juu ya nguo, ndani ya kapu la mke wa Kufuli, na hakuna aliyeweza kumshauri. Siku mke alipopata kazi shambani aliwekewa karatasi mbele: mfanyakazi hafugi ndege yeyote nyumbani kwake, awe kuku, bata au njiwa. Akatia sahihi. Akamwambia mume wake kuku aondoke leo. Kufuli akampeleka kwa Breki, nyumba ya tatu, mwenye kuku wake wengine, na mke akawa anapita njia nyingine ili asimwone.

Lango lilipofungwa, Kufuli alivumilia siku tano. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na alikuwa hajui kwamba vyumba viwili ni vingi. Asubuhi aliandaa vikombe viwili, akarudisha kimoja. Siku ya sita alikwenda kwa Breki akasema, naomba yule kuku. Breki hakuuliza kitu; kwa mara ya kwanza maishani alinyamaza, na kuku akarudi nyumbani kwapani mwa Kufuli. Alipowekwa chini alitembea moja kwa moja mpaka mlango wa chumbani, akasimama pale na kugeuza kichwa huku na huku akimtafuta mwenyewe. Halafu akapanda kwenye kapu. Tangu siku hiyo walikuwa wawili wanaomngoja, na hilo lilimsaidia Kufuli kulala.

Kila Jumapili alimtoa kuku kwenye kapu, akavuta nguo moja, akaifua, akaikunja, akaipeleka langoni. Lakini kuku alilala chumba hichohicho, na kamba ya kuanikia ilikuwa juu ya kapu. Jumapili iliyopita, dakika ya nne ya simu, mke wake alisema:

— Nimekuta unyoya ndani ya mfuko wa gauni.

— Utakuwa wa mto, alisema Kufuli.

— Mito yetu ni ya sponji, mume wangu.

Kisha kimya. Kufuli alisikia pumzi yake upande wa pili, akaibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Mtu wa ofisi akasema muda umekwisha. Hivyo ndivyo walivyoachana, na tangu hapo kila alipoishika simu aliusikia ule ukimya.

— Shikamooni wazee wangu, sauti ilisema.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa mabuti ya mpira yaliyooshwa mpaka yamepauka, na begani amening'iniza kisanduku cha barafu kama cha muuza samaki. Waliitikia marahaba. Akaomba kahawa. Shangazi alitikisa chupa sikioni.

— Kimebaki kikombe kimoja, mwanangu. Una bahati.

— Unatoka shambani, alisema Breki, akitazama mabuti. Hayo nayajua.

— Napima kuku, ndiyo maana lango wananifungulia. Naingiza pamba kwenye koo, naifunga, naipeleka wanakoisoma.

Kwa Maabara hiyo ilikuwa neema. Alisogea, akampa nafasi kwenye benchi, akamweleza habari ya mashati na ya taa. Trei akaongeza redio. Mgeni alisikiliza yote kwa adabu, na kwenye redio aliuma mdomo.

— Hilo la funguo ndilo lililo karibu na kweli, alisema, Maabara alipomaliza kumweleza na hiyo kama ya kwake. Kinakosea kikijinakili, na makosa mengine yanakisaidia. Ila mmeacha kitu kimoja. Kirusi hiki kina vipande vinane, kama kitabu kisichofungwa, kurasa zimelazwa tu. Kuku mmoja akipata virusi vya aina mbili kwa wakati mmoja, kurasa zinachanganyika. Kinachotoka kina kurasa za huku na za kule.

— Kama kuchanganya karata, alisema Trei.

— Kama kuchanganya karata. Sasa kile cha banda la nne tumekisoma. Vipande sita ni vilevile vya banda la kwanza. Viwili ni vigeni.

— Bata mwitu, alisema Breki.

— Tulidhani hivyo. Hapana. Hivyo viwili ni vya kirusi kipole kinachokaa kwa kuku wa majumbani. Kule hakiui. Kuku anakula, anataga, anatembea, huwezi kujua. Kikiingia bandani kikakutana na kile kikali, ndiyo shughuli.

Akanywa kahawa, akaweka kikombe kwenye goti.

— Kwa hiyo nauliza tu. Nani hapa ana kuku nyumbani?

Ni swali ambalo mtoto wa chekechea angelijibu. Maabara aliangalia kucha zake. Trei alianza kupanga trei zake upya, ile ya juu chini na ya chini juu, zilezile anazopita nazo nyumba hadi nyumba. Shangazi alifungua chupa akachungulia ndani ingawa alijua imeisha. Breki alimtazama Kufuli, akaondoa macho haraka. Na katika kimya hicho, nyuma ya kibanda, uani kwa Breki, kuku wake mmoja akatangaza yai kwa sauti ambayo ingesikika mpaka langoni mwa shamba.

— Huyo ni wa jirani, alisema Breki.

— Jirani yako ni wewe, alisema Shangazi.

Mgeni hakucheka. Alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa koti.

— Niliambiwa mtanyamaza. Jumatatu mfanyakazi mmoja alikuja ofisini kwetu kule ndani na unyoya ameufunga kwenye kikaratasi. Hatukumshika, alileta mwenyewe. Akasema upimwe, tukaupima. Akatuelekeza mtaa huu, benchi la mchonga funguo. Akaniambia, ukiuliza nani ana kuku watakaa kimya wote, nawafahamu. Uliza hivi.

Akaifungua karatasi akasoma polepole.

— Yule mwenye kidole kilichopinda, bado analala kwenye kapu langu?

Kufuli aliyasikia maneno hayo kwa sauti ya mke wake. Alimwona akiyasema, ameegemea meza ya ofisi, mkono mmoja kiunoni. Wiki saba alikuwa amepewa dakika tano tano, zimejaa je umekula na je umelala, na sasa swali moja la kweli lilikuwa limetembea kilomita sita kwa miguu ya mtu mwingine likamkuta kwenye benchi. Alitamani asome tena.

— Bado, alisema.

Wengine walimgeukia. Kufuli alisimama, na kwa kuwa alikuwa pembeni, ubao uliinuka na Maabara akashika ukuta.

— Amekasirika? Kufuli aliuliza.

— Sikumuuliza. Alipotoa ule unyoya alikuwa anacheka. Halafu hakuwa anacheka.

— Kazi yake?

— Alitia sahihi, mzee wangu. Hilo litaamuliwa na wakubwa. Alipouleta alijua.

— Ni nguo zangu zilizoleta huo ugonjwa?

Mgeni alikunja karatasi kwanza, akairudisha mfukoni. Breki alisogea karibu, maana kuku mwekundu alikaa kwake miezi na wenzake.

— Sijui. Unyoya ulikuwa na kile kipole. Lakini nimekikuta mitaa mingine mitatu, na nguo zinapulizwa dawa. Kurasa zinatuambia kirusi kimetoka kwa kuku wa aina gani. Hazituambii kilipita mlango upi. Pengine hatutajua kamwe.

Kufuli alitikisa kichwa taratibu. Miaka thelathini alikuwa akiwaambia wateja kwamba ufunguo hauonyeshi nani aliutumia. Hakudhani siku moja atatamani uonyeshe.

Walikwenda wawili. Nyumba ilikuwa kimya, na kuku alikuwa kwenye kapu. Aliposikia mlango alinyanyua shingo, akamwona Kufuli, akamwona na mwanamke nyuma yake. Akasimama. Akashuka, akapiga hatua tatu kumwendea yule mwanamke, kidole kile kikikwaruza saruji, akageuza kichwa huku na huku. Halafu akatambua siye, akarudi kwenye kapu.

Kufuli aliona. Ni yeye aliyemtesa kiumbe huyu kwa kumrudisha mahali pa kungojea. Alimwinua kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na yai, lina joto, juu ya sweta la kijivu, nguo ya mwisho iliyobaki.

— Na yai nalichukua, alisema mgeni kwa upole. Na sweta hilo usilipeleke Jumapili. Usipeleke kitu chochote.

— Na hesabu?

— Nguo za mwisho ziliingia Jumapili tu. Inaanza leo, mabanda yote. Ila safari hii tunapima na huku nje, kuku wote wa mtaa. Wenye kirusi tunawachukua, wazima wanafungiwa ndani. Nikikuahidi kitu nitakuwa mwongo. Lakini mara mbili zile tulikuwa tunafunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Alikuwa na boksi la karatasi lenye matundu. Kuku aliingia bila ubishi, kwa sababu Kufuli ndiye aliyemwingiza. Mgeni alifunga kwa kamba, akauliza kama kuna jibu la kupeleka ndani.

Kufuli alifikiri. Maneno ya wiki saba yalimjaa mdomoni yakabanana.

— Mwambie kapu ni tupu. Arudi na nguo zake zote.

— Nguo hazitoki, mzee wangu. Mwishoni zinachomwa.

— Basi aje hivyohivyo.

Aliporudi kwenye kibanda alitarajia kukuta benchi tupu, kwani kahawa ilikwisha zamani. Walikuwepo wote. Breki alikuwa ameshika kuku wawili, mmoja kila kwapa, na wa tatu alikuwa mikononi mwa Shangazi, ambaye miguuni pake palikuwa na bata wake katika ndoo yenye mfuniko. Maabara alikumbatia jogoo aliyekana kumfuga kwa miaka miwili, siku zote akisema ni wa kupita. Trei hakuwa na kuku. Alikuwa amelowesha trei zake zote kwenye karai la maji ya dawa, na mikono yake ilikuwa imekuwa myekundu mpaka viwikoni.

— Huyo dada atarudi saa ngapi? aliuliza Breki. Huyu wa kushoto ananidonoa.

— Anapita nyumba kwa nyumba. Atafika.

Kufuli alikwenda nyuma ya mlango wa kibanda. Alifuta mistari kumi na mmoja kwa kiganja, taratibu, akahakikisha hakikubaki hata kivuli. Chaki ilikuwa imebaki kipande kidogo. Upepo ulikuwa unausukuma mlango, basi Trei akaja akaushika kwa mkono wake uliolowa ili usicheze.

— Ya ngapi? Shangazi aliuliza, ingawa siku hiyo alikwisha kuuliza.

— Ya kwanza, alisema Kufuli, na akachora.